Williamson wa Mwadui na jina langu la mwisho

Nilikuwa nyumbani Shinyanga, nimerudi na hoja.

Nani kwetu haijui Mwadui? Mgodi ule wa almasi una jina la John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada aliyegundua almasi pale mwaka 1940. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, akampa Binti Mfalme Elizabeth zawadi ya harusi. Alifariki 1958, jina likabaki.

Sasa Williamson maana yake nini? Mwana wa William, basi! Zamani hata kwa Waingereza majina ya aina hiyo yalibadilika kila kizazi: mtoto wa William ni Williamson, mtoto wa John ni Johnson. Kumbukumbu za kodi na mashamba, na vitabu vya parokia kuanzia 1538, vikasaidia kuyagandisha.

Letu sisi bado linatembea. Babu yangu aliitwa Shija kwa kuwa alizaliwa baada ya mapacha. Baba akaitwa Mabula Shija, mvua ilikuwa inanyesha. Baba mdogo ni Kulwa Shija, pacha wa Doto. Mimi natumia Mabula, mtoto wa baba mdogo anatumia Kulwa. Damu moja, majina mawili.

Baba mdogo alikuwa mchimbaji mdogo Geita. Alipofariki, mwanawe alizungushwa miezi mitano katika ofisi moja akifuatilia akiba ya marehemu. "Baba yako Shija, wewe Kulwa, mnahusianaje?" Alikula kiapo, akaleta barua ya mtendaji, na nauli ikala sehemu kubwa ya pesa yenyewe.

Wapo wanaosema dawa ni kila familia ichague jina moja la ukoo na kuligandisha. Sikubaliani nao. Jina letu linamtaja baba aliyekuzaa, na hilo si kosa. Kosa ni kuandika majina mawili na kumwacha babu nje. Mdogo wangu angeandikwa jina lake, Kulwa, kisha Shija tangu cheti cha kuzaliwa, lile swali lisingeulizwa.

Kwa hiyo wenye watoto wachanga, andikeni yote matatu, na herufi zilingane kwenye kila karatasi. Wewe je, mdau, jina la babu yako limeandikwa wapi?