Mzazi Si Rehani

Bwana mwandishi aliyetetea gazetini desturi ya kuwazuia hospitalini wazazi waliojifungua, hapa Likasi, nchini Kongo, na kwingineko, hadi deni lilipwe, akidai kwamba pasipo hofu hiyo hapana alipaye, ameliangalia sanduku la fedha na kukisahau kitanda. Taabu ya wauguzi naikiri, kwani tangu kampuni ya madini ya Gécamines, iliyokuwa ikiwatibu wafanyakazi wake na aila zao, ilipodhoofika katika miaka ya 1990, gharama zimemwelemea mgonjwa mwenyewe. Lakini mama aliyepasuliwa, ambaye jeraha lake limepona na ruhusa ya daktari imekwisha andikwa, akihamishiwa mkekani ili kitanda apewe mwingine, na chakula chake kikiletwa na ndugu walewale wanaohangaika kutafuta fedha, atalipa kwa njia gani? Watafiti walioandika mwaka 2019 juu ya hospitali moja kubwa ya Lubumbashi walieleza habari za wazazi waliozuiwa vivyo hivyo, ingawa ibara ya 47 ya Katiba ya nchi ya 2006 inaidhamini haki ya afya. Muuguzi hakusomea ubawabu. Mhudumu wa jamii na aulize hali ya mgonjwa siku anapopokewa, deni liandikwe kwa mafungu yanayolipika, na mama aende kwake na mwanawe.