Gawio, Mbegu na Lugha ya Uamuzi

Mkulima wa viazi wa Molo hahitaji kufundishwa kwamba mavuno hayaliwi yote. Kabla magunia hayajafika sokoni Nakuru, viazi vya mbegu vimekwisha kutengwa. Ajabu ni kwamba mkulima huyo huyo apokeapo gawio la hisa zake kwa simu, aghalabu hulitumia lote. Huo si uzembe. Hakuna aliyewahi kumwuliza, kwa lugha aielewayo, iwapo angependa kutenga mbegu.

Wakenya wengi waliingia katika soko la hisa mwaka 2008, hisa bilioni 10 za Safaricom zilipouzwa kwa shilingi 5 kila moja. Kwa mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2024, gawio la kampuni hiyo lilikuwa shilingi 1.20 kwa hisa. Mwenye hisa 1,000 alistahili shilingi 1,200. Kodi ya zuio ya asilimia 5 ikikatwa, hubaki 1,140. Bei ya hisa ikiwa shilingi 20, fedha hizo hununua hisa 57 kabla ya ada ya dalali. Zamani hesabu hii haikuwa na maana kubwa, maadamu hisa ziliuzwa kwa mafungu ya 100. Tangu Agosti 2025, Soko la Hisa la Nairobi huruhusu kununua hata hisa moja. Haba na haba imepata kibaba chake.

Kwa madalali wengi wa Marekani, akaunti ya mtandaoni ina kitufe cha kuamua gawio lirudi kuwa hisa au libaki fedha taslimu. Nchini Kenya, aghalabu mwenye hisa huulizwa tu fedha zipelekwe benki gani au simu gani. Akitaka kuzirejesha mtajini, sharti aagize ununuzi mwenyewe. Asipozidai kwa muda mrefu, hatimaye hukabidhiwa mamlaka ya mali ya fedha isiyodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Haimaanishi kwamba kurejesha gawio ni hekima daima. Aliyerejesha kila senti katika hisa za kampuni ya sukari ya Mumias, iliyowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, alipanda mbegu juu ya mwamba. Mwingine ana karo ya kulipa, na karo haingoji. Muhimu ni kwamba mwenye mali aamue mwenyewe akijua anachoamua.

Hapo ndipo Kiswahili kinapodaiwa. Katiba ya 2010 iliifanya lugha hii kuwa ya taifa na rasmi pia, ilhali fomu na kurasa za akaunti hizo kwa kawaida ni za Kiingereza. Hata panapotumiwa Kiswahili, faida, riba na gawio huchanganywa kana kwamba ni kitu kimoja. Faida ni ya kampuni. Riba hulipwa mkopeshaji. Gawio ni sehemu ya faida anayopewa mwenye hisa.

Wanafunzi wa Kiswahili wa Njoro na kwingineko, wanaoweza kuchambua sitiari ya ubeti mgumu, hawashindwi kusanifu ukurasa mmoja wa maelekezo kuhusu kurejesha gawio mtajini. Wakiutunga na kuupeleka Molo, mkulima ataulizwa hatimaye swali ambalo shamba lake lilimjibu zamani.