Betri Haikufa

Nina ugomvi wa miaka mingi na neno moja dogo, nalo ni "imekufa". Halina ubaya likisemwa penye msiba. Ugomvi wangu ni pale linaposemwa juu ya betri. Katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang, kila ifikapo Juni na Julai, ukungu unapoukalia mlima Hanang mpaka jua limepanda, utawasikia wapiga picha, wenye maduka, na hata watu waliosoma fizikia wakitoa hukumu moja: betri imekufa, tupa, nunua nyingine. Nathubutu kusema kwamba mara nyingi hukumu hiyo ni ya uongo. Nami ni mmoja wa walioitoa, ndiyo maana naandika kwa ukali.

Ilikuwa Julai 1996. Wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Arusha, maana Manyara haikuzaliwa mpaka mwaka 2002. Baba alikuwa mgonjwa, na gari la kumpeleka hospitali lilikuwa limeahidiwa kufika alfajiri. Mzee huyu alikuwa amekataa kupigwa picha maisha yake yote. Hakuwa na sababu ya imani. Alisema tu kwamba uso wake anaujua, na sisi tunaujua, basi picha ya nini? Asubuhi ile akaniita mwenyewe. "Mwanangu, lete hicho kidude chako." Akajifunga blanketi vizuri, akaketi juu ya kigoda mlangoni, akaishika fimbo yake kwa mikono miwili, akaniangalia.

Kamera yangu ilikuwa ya zile ambazo bila betri hazifyatuki kabisa. Usiku nilikuwa nimeiacha nje, ndani ya gari la rafiki yangu, kwa kuogopa watoto wasije wakaichezea. Nilipobonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikaitoa betri, nikaipuliza, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Kimya. Nikachukua ile ya akiba, ambayo nayo ilikuwa imekwisha kutumika kidogo, na ambayo ililala katika mkoba ule ule, ndani ya gari lile lile. Kimya. Basi nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Zimekufa," nikazitupa uani zote mbili. Baba akacheka. "Kumbe hata chako kinasikia baridi," akasema.

Gari likafika. Mama na kaka yangu wakaondoka naye, mimi nikabaki kuangalia ng'ombe ili niwafuate kesho yake. Baba hakurudi akiwa hai.

Saa sita mchana wa siku ile ile, mpwa wangu aliniletea zile betri mkononi. Alikuwa amezikuta juu ya jiwe, juani. "Mjomba, umeangusha vitu vyako." Nikaitia moja ndani ya kamera bila kutarajia lolote. Nikabonyeza, ikafyatuka.

Tangu hapo nimesoma, nimeuliza, nimejaribu mwenyewe, nami nawaambia wale wanaotoa hukumu rahisi: baba yangu, ambaye hakuingia darasani hata siku moja, alitambua ugonjwa kwa neno moja, na mimi mwenye cheti sikuutambua. Betri si debe lenye umeme ambalo likimwagika limekwisha. Ndani yake mna kemikali zinazofanya kazi pole pole, na kazi hiyo ndiyo inayosukuma umeme. Baridi huzilegeza kemikali hizo, na umeme unazuiwa humo humo ndani kabla ya kutoka. Kamera inapodai nguvu nyingi kwa mara moja, volti zinashuka ghafla, na kamera inaona kana kwamba betri ni tupu. Mama yeyote wa Mbulu anaijua samli ya Julai. Ukiinamisha chupa haitoki, lakini hakuna anayesema samli imekwisha na kuitupa chupa jalalani. Huisogeza penye joto kidogo, akasubiri. Betri nayo ni hivyo hivyo, ila tu ni ngumu na haionyeshi kilichomo.

Tena kuna jambo la kushangaza zaidi. Kwa betri iliyolala bila kazi, baridi ni rafiki. Huzipunguza kasi zile kemikali zisijile zenyewe, na betri hukaa muda mrefu kuliko ile iliyowekwa dirishani penye jua. Ubaya wa baridi huja wakati wa kuitumia. Anayesema baridi "inaua" betri, basi, amekosea mara mbili.

Nikumbushe na dhambi nyingine ya sisi tuliosoma. Bibi zetu walikuwa wakizianika betri za redio juu ya bati asubuhi, ili jioni wasikie taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Tulirudi likizo kutoka sekondari tukawacheka. Tuliwaambia kwamba jua haliongezi umeme katika betri kavu, na hilo ni kweli. Lakini hatukuuliza kwa nini basi redio ilikuwa inasema tena baada ya kuanikwa. Ilisema kwa sababu joto liliziamsha kemikali zilizosalia, zikatoa mabaki yao. Bibi alijua kwa mazoea kwamba betri yenye joto hufanya kazi kuliko betri yenye baridi. Laiti ningelibeba maarifa yake asubuhi ile badala ya cheti changu! (Wale waliokuwa wakizitafuna kwa meno siwatetei. Zile ni sumu, na meno hayakupewa kazi hiyo.)

Adui yangu mkubwa, hata hivyo, ni fikra kwamba baridi si jambo letu. Tulifundishwa kwamba Tanzania ni nchi ya joto, tukakariri, tukafaulu mtihani huku tumejifunika mablanketi. Vijitabu vinavyokuja na kamera nyingi huandika kwamba chombo kitumike kati ya nyuzi 0 na 40. Tunaisoma sentensi hiyo kama habari za Ulaya. Tunasahau kwamba betri huanza kuchoka mapema sana kabla ya maji kuganda, hasa ikiwa imechakaa. Mlima Hanang unapita mita 3,400, na kutoka Katesh hadi kileleni mtu hupanda zaidi ya mita 1,500. Kwa kawaida hewa hupungua joto kwa nyuzi kama 6 kila unapopanda mita 1,000. Kijana anayetoka Katesh usiku ili awahi macheo kileleni anaipeleka kamera yake kwenye nchi nyingine bila kuvuka mpaka, na upepo wa huko huharakisha kuipoza.

Waongozaji wa Kilimanjaro, kwenye mita 5,895, hawana mjadala juu ya hili. Huwaambia wageni walale na betri zao ndani ya mifuko ya kulalia, mwilini. Je, maarifa hayo ni ya wageni peke yao? Mpiga picha wetu anayekwenda kupiga arusi ya asubuhi huko juu Mbulu anaziacha betri zake kwenye mkoba, juu ya keria ya pikipiki, kilomita 30 za upepo. Akifika anapiga picha tatu, kisha anamwambia bibi arusi kwamba baridi imemwangusha. Fedha ya kutangulizia alikwisha kuila.

Nikisema haya, naambiwa, "Mzee, dawa ni kununua ya akiba." La hasha! Akiba iliyolala kwenye baridi ile ile ni betri mbili zilizozimia badala ya moja. Mimi nilikuwa nayo. Akiba ni ile iliyomo katika mfuko wa ndani wa shati, chini ya sweta, karibu na ngozi. Ya kwenye kamera ikilegea, unabadilisha; ile iliyotoka inaingia kifuani kupata joto, na baada ya muda inarudi kazini. Kwa njia hiyo betri mbili zimenitosha siku nzima juu ya mlima. Usizipeleke jikoni penye mafiga. Moto huzipasua, na hizi za lithiamu huweza kulipuka. Joto la mwili linatosha. Mfukoni mwako ziweke peke yake, maana sarafu au funguo zikiunganisha ncha zake, hapo zitakwisha kweli, tena zitakuunguza.

Wengine hunijia na hoja ya pili, kwamba mambo haya yamepitwa na wakati kwa kuwa siku hizi kamera ni za dijitali na picha hupigwa kwa simu. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Zile kamera za zamani zilizojaa katika studio zetu, kama Zenit-E ya Warusi, hazikuhitaji betri hata moja. Kipima mwanga chake kilitumia seleni, na kifyatulio kilikuwa cha chuma na springi. Pentax K1000 iliitaka betri kwa kupima mwanga tu. Ikigoma, mtu alikisia kwa jicho akaendelea. Kamera ya leo haina huruma hiyo. Kioo chake, injini ya lenzi, kumbukumbu yake, vyote vinakula betri. Simu inaweza kuonyesha asilimia 30 kisha ikazimika mkononi mwako penye upepo, na ikirudi mfukoni ikapata joto, ikawaka. Wala usithubutu kuichaji betri ya lithiamu ikiwa imeganda. Hapo ndipo unaidhuru kweli. Wenye uwezo wanunue zile betri za lithiamu zisizochajiwa, zenye umbo la betri ndogo za tochi, kama kamera yao inazikubali. Hizo hufanya kazi hata nyuzi 40 chini ya sifuri. Zile za bei rahisi kabisa, za kaboni na zinki, ndizo za kwanza kusalimu amri.

Jambo dogo la mwisho, maana nimeliona likiwaponza wengi. Ukiingia na kamera iliyopoa ndani ya nyumba yenye moto, ifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uiache ipate joto humo. Vinginevyo jasho litaingia kwenye lenzi na kwenye vituo vya betri, na kutu itafuata.

Ile filamu ya Julai 1996 niliipeleka Arusha kusafishwa, na negativu zake ninazo mpaka leo. Picha ya 11 ni ng'ombe wakirudi zizini, jioni ya kuamkia siku ile. Picha ya 12 ni ile niliyoipiga saa sita mchana, nilipoirudisha betri. Inaonyesha mlango wa nyumba yetu, na kigoda.