Programu Ambazo Hatukuziomba

Mnunuzi akilalamika kwamba kompyuta yake mpya imekuja na antivairasi ya majaribio, michezo na matangazo ambayo hakuyataka, majibu anayopewa ni yaleyale. Tuyapime.

La kwanza: programu hizo zimewekwa kwa faida yake. Ndivyo Lenovo walivyosema kuhusu Superfish, programu waliyoanza kuipakia kwenye kompyuta mpakato zao mnamo Septemba 2014. Kazi yake ilikuwa kupenyeza matangazo ya bidhaa ndani ya kurasa alizofungua mtumiaji. Ili iweze kuingia hata kwenye kurasa zilizosimbwa, za benki zikiwemo, ilijiwekea cheti chake cha usalama, na kompyuta ikakiamini. Ubaya zaidi, mashine zote zilitumia ufunguo mmoja wa siri. Februari 2015 mtaalamu wa usalama Robert Graham alilipata nenosiri la ufunguo huo: “komodia”, jina la kampuni iliyotengeneza sehemu hiyo ya programu. Kuanzia hapo, mtu mwenye nia mbaya aliyejiunga na Wi-Fi ya mgahawa mmoja na wewe angeweza kujifanya benki yako, na kivinjari chako kisishtuke. Hiyo ni faida ya nani?

La pili: hatari hizi ni za nadharia tu. Hilo nalo lilisemwa na Peter Hortensius, mkuu wa teknolojia wa Lenovo wakati huo. Muda si mrefu serikali ya Marekani ikatoa tahadhari ikiwataka watumiaji waiondoe Superfish, na mwaka 2017 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 3.5 kumaliza madai ya majimbo 32. Nadharia haitozwi fedha hizo.

“Usipoipenda, ifute.” Jibu hili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu linamtwika mnunuzi kazi ya kusafisha uchafu wa mwenzake. Tena si kweli kwamba kufuta kunatosha. Aliyeifuta Superfish alibaki na cheti chake ndani ya mashine. Novemba mwaka huohuo wa 2015, Dell nao walikutwa na cheti kama hicho, eDellRoot. Ukikiondoa, programu nyingine ya Dell ilikirudisha. Mjuzi atapiga Windows upya. Mwanafunzi wa Mwanza anayetumia bando la simu atashusha vipi gigabaiti kadhaa za Windows safi? Atamlipa fundi, juu ya bei aliyokwisha kulipa dukani.

Linabaki la bei: eti bila fedha za wenye programu hizo, kompyuta zingekuwa ghali. Lakini katika sakata la Superfish, Lenovo wenyewe walitamka kwamba uhusiano ule haukuwa na uzito wowote kifedha. Na Machi 2008 Sony walijaribu kutoza takribani dola 50 kwa mteja wa kompyuta zao za Vaio aliyetaka mashine isiyo na programu za ziada. Watu walipopiga kelele, ada ikafutwa mara moja na mashine safi ikatolewa bila nyongeza. Kama dola 50 hizo zingekuwa pengo la kweli katika hesabu zao, wasingeziachia upesi hivyo.