Mkoloni Alichunga Heshima Yake Tu

Tangu Mei 2019, Mahakama Kuu ilipokataa kukifuta kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho huwahukumu wanaojamiiana kwa namna iitwayo kinyume cha maumbile, kifungu hicho kimekuwa kikitetewa kwa jina la mila zetu. Lakini aliyekiandika ni mkoloni. Na mkoloni huyo alijali maadili gani?

Mwaka 1908 huko Nyeri, afisa wa serikali, Hubert Silberrad, aliweka wasichana wa Kiafrika nyumbani mwake. Mmoja wao alikuwa mke wa askari. Askari alipoteta, alitiwa korokoroni. Mzungu mwenzake, Scoresby Routledge, ndiye aliyemshtaki kwa Gavana, kisha akaandika katika gazeti la London. Na adhabu? Silberrad alirudishwa nyuma mwaka mmoja katika ngazi ya vyeo!

Januari 1909 Lord Crewe, Waziri wa Makoloni, alitoa waraka wa kuwakataza maafisa kuwaweka kinyumba wanawake wenyeji. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mwenendo huo unaivunjia serikali heshima mbele ya watawaliwa. Machozi ya msichana hayakuwa hoja.

Rhodesia ya Kusini, sasa Zimbabwe, ilikuwa imekwisha kupitisha sheria mwaka 1903: Mwafrika aliyelala na mwanamke Mzungu nje ya ndoa alifungwa, hata kama wameridhiana. Mwanamume Mzungu aliyelala na mwanamke Mwafrika hakuguswa na sheria hiyo.

Hayo ndiyo maadili tunayoyaita leo mila za wazee wetu.