Nyumba ya Ruzuku ni ya Kukaa

Katika mahitaji matatu ya lazima ya binadamu, yaani chakula, mavazi na malazi, hili la tatu ndilo linalomsumbua zaidi mtumishi wa umma, na hasa yule aliyepangiwa kazi mbali na miji mikubwa. Mwalimu anayekwenda kufundisha katika visiwa vya Delta ya Rufiji hufika Kibiti, akashuka hadi Nyamisati, kisha akasafiri kwa mashua kati ya mikoko. Kabla ya kuuliza habari za vitabu na chaki, hapana budi aulize mahali pa kulala. Mwalimu huyohuyo husikia matangazo ya nyumba za bei nafuu zinazojengwa kwa msaada wa Serikali Dar es Salaam na Dodoma, na huambiwa na wenzake kwamba mwenye busara hununua mapema, akaipangisha, akavuna kodi. Ushauri huo unastahili kupimwa kabla ya kufuatwa.

Kwanza inafaa ieleweke kwamba unafuu wa nyumba hizo haukudondoka kutoka mbinguni. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 kwa sheria ya nchi, nalo ni mali ya umma. Kampuni ya nyumba za watumishi, iliyoanzishwa katika muongo wa 2010 na kujenga Gezaulole, Kisesa na Njedengwa, ilitegemea mtaji wa mifuko ya hifadhi ya jamii, yaani akiba za wafanyakazi wenyewe. Kwa hiyo kila nyumba inayouzwa chini ya bei ya soko imebebwa na wengi, akiwamo mkulima wa mpunga wa Mohoro ambaye huenda asipate kuinunua maisha yake yote. Mkulima huyo hana kinyongo akijua kwamba mchango wake umempatia mwalimu wa watoto wake paa la kujistiri. Bali ataridhikaje akisikia kwamba mwalimu huyo hajalala humo hata usiku mmoja, na kwamba mpangaji aliyemo ni mfanyakazi mwingine anayelipa kodi ya soko huria?

Suala hili si geni nchini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi, pamoja na ofisa wa Serikali wa ngazi ya kati na ya juu, kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuwa wakiyakalia. Masharti yale ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na leo mtumishi hakatazwi kupangisha nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Hilo ni sawa. Hata hivyo, swali lililoulizwa wakati ule halijafutwa na sheria yoyote: nyumba hii, je, ni ya kukaa au ni ya kuchumia? Kwa nyumba ya jasho la mtu binafsi, jibu ni lake mwenyewe. Kwa nyumba iliyobebwa na umma, umma nao una haki ya kujibu.

Pili, ni vema hesabu ikapigwa. Uchukuliwe mfano wa mkopo wa shilingi milioni 40 kwa riba ya asilimia 13, unaolipwa kwa miaka 15. Makato ya kila mwezi yatakuwa karibu shilingi 506,000, na hadi deni liishe mkopaji atakuwa amelipa zaidi ya shilingi milioni 91. Kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni shilingi 500,000. Maana yake ni kwamba mtumishi wa ngazi ya chini hawezi kuigusa nyumba hiyo hata akikubali kushinda na njaa. Utaratibu wa utumishi unataka theluthi moja ya mshahara ibaki mkononi mwa mfanyakazi. Na kabla ya kufika hapo zimekwisha kupita kodi ya mapato, pensheni, bima ya afya, na kwa wahitimu wengi deni la mkopo wa elimu ya juu. Anayetegemea kodi ya mpangaji imlipie benki ajiulize nani atalipa katika miezi ambayo nyumba itakuwa tupu, bomba limepasuka, na mwenyewe yuko ng'ambo ya mto. Wahenga walisema kwamba nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.

Historia ya Rufiji yenyewe inafundisha. Wakulima wa bonde lile walizoea kujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, wakalala humo msimu wa mpunga ili kulinda shamba dhidi ya wanyama na kujinusuru na maji. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 wananchi walihamishiwa katika vijiji vya maeneo ya juu. Usalama ulipatikana, lakini mashamba yalibaki bondeni, na wengi waliendelea kushuka kila msimu kwenye madungu yao. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozikumba tena Rufiji na Kibiti na kuwaacha maelfu bila makazi, ilidhihirika kwamba funzo lile lina pande mbili: nyumba isiyokuwa salama dhidi ya maji haifai, na nyumba iliyo mbali na kazi ya mwenyewe haikaliwi.

Wapo watakaosema kwamba mtumishi huhamishwa mara kwa mara, na kwamba bila nyumba mjini atastaafu mikono mitupu. Hoja hiyo ina uzito. Kuanzia mwaka 2002 Serikali iliwauzia watumishi nyumba zake nyingi. Walionunua walipata makazi, na wengi waliokuja baada yao kushika nafasi zilezile walikuta nyumba zina wenyewe. Basi dawa ya uhamisho ni nyumba za kituo cha kazi, zinazobaki mali ya umma na kupangishwa kwa kodi ndogo kwa yeyote aliyepo kazini. Na kwa akiba inayotakiwa kuzaa, zipo hati fungani za Serikali na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambavyo havimnyimi mtu mwingine mahali pa kulala.

Kwa hiyo mambo matatu yanahitajika. Nyumba za ruzuku ziuzwe kwa sharti la kukaliwa na mnunuzi kwa miaka kadhaa, kama inavyofanyika Singapore, ambako anayenunua nyumba mpya ya shirika la umma hulazimika kuishi humo si chini ya miaka 5 kabla ya kuiuza. Mashirika yajenge pia Kibiti, Ikwiriri na Utete, kwenye ardhi ya juu iliyopimwa, nyumba ndogo zinazolingana na mshahara wa mwalimu na muuguzi. Na katika vijiji vya delta, halmashauri zipewe uwezo wa kujenga nyumba za watumishi pamoja na madarasa. Darasa lisilo na nyumba ya mwalimu limejengwa nusu.

Benki ya Nyumba, iliyoanza kazi mwaka 1973, ilisimamia pia mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima uliotokana na tozo ya asilimia 2 ya mishahara kwa waajiri. Ilianguka mwaka 1995, ikiwa imelemewa na mikopo isiyorejeshwa. Fedha za umma zilizotengwa kwa makazi ya wengi haziwezi kupotea mara ya pili kwa kugeuzwa biashara ya wachache. Mtumishi anayekusudia kutia saini ajiulize swali moja tu: je, nitakaa humo? Ikiwa jibu ni hapana, amwachie nafasi mwenzake anayeihitaji.