Pasta, weka injini ya Toyota tu



Wiki iliyopita niliweka hapa picha ya ile Peugeot 404 ya marehemu baba, imeinuliwa juu ya mawe, boneti wazi. Nilidhani mtacheka kidogo na kupita. Badala yake nimepokea ushauri mwingi kuliko ule niliopewa nilipokuwa naoa. Wengi mmeniambia jambo moja: Pasta, weka injini ya Toyota, uendeshe, uachane na mambo ya kale. Na mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniandikia faraghani akauliza kama hizo pesa hazingefaa zaidi kwenye paa la darasa la watoto. Nitajibu yote mawili bila kuzunguka.

Kwanza mlijue gari lenyewe. Ni lile refu lenye safu tatu za viti, namba ya zamani isiyo na herufi mwishoni. Mliosafiri Nakuru hadi Nairobi kabla ya matatu za Nissan kujaa barabarani mnayakumbuka: mnangoja lijae, mnabanana, mtoto anapakatwa, na dereva anajulikana kwa jina njia nzima. Baba alisomesha watoto sita kwa usukani huo. Alipostaafu lilisimama chini ya mti kule Njoro, kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Baada ya mazishi ndugu yangu alitaka kuliuza kwa watu wa vyuma kuukuu, kwa kilo. Tulikosana kwa muda, sitaficha. Leo ndiye anayenishikia tochi.

Na msidhani ni gari la kuonewa huruma. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1963 na tena 1968 matope yaliyameza magari mpaka yakamaliza saba tu, na mara zote mbili aliyetangulia alikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya 404. Vijana wetu wanaoenda Naivasha kila mwaka tangu mashindano ya dunia yarudi 2021 hawajui hilo. Waambieni.

Sasa injini ya Toyota. Sina ugomvi na Toyota, ndiyo inayonipeleka mazishini na harusini. Lakini angalieni 404 ilivyoundwa. Shafti yake haizunguki wazi kama ya magari mengi. Imefichwa ndani ya bomba linalounganisha giaboksi na difu. Ukiweka injini na giaboksi ya kigeni lazima ukate hapo, na uchomelee hapa. Chuma kikishakatwa hakirudi. Na ile gia ya kando ya usukani, ambayo baba aliichezea kwa vidole viwili, inaondoka pia. Utabaki na ganda la 404 linalotembea, na mimi ganda silitaki.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo lililonifanya nikate shauri. Injini hii ya sisi 1618 ina silivu zinazochomolewa. Magari mengi silinda ikiliwa unachonga bloku iwe pana zaidi, unaweka pistoni kubwa zaidi, na baada ya mara mbili tatu bloku imekwisha. Hii unatoa silivu zilizochoka, unatia mpya za milimita 84 pamoja na pistoni zake, na injini imerudi kwenye kipimo ilichotoka nacho kiwandani. Waliounda kitu hiki walijua kitachoka, wakaacha mlango wa kukirudisha.

Ila mlango huo unataka adabu. Fundi wangu wa kwanza alikuwa mwepesi wa maneno. Alizigonga silivu mahali pake bila kupima zimesimama juu ya bloku kwa kiasi gani, akafunga hedi, tukawasha, tukashangilia. Siku ya tatu nikachomoa kijiti cha oili: rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yamepita chini ya silivu. Kosa ni langu pia, nilikuwa na haraka ya kuliingiza uwanjani pa kanisa Jumapili ya Pasaka watu walione. Kiburi hicho kilinigharimu gasketi na oili yote, na miezi minne ya kungoja.

Fundi wa sasa ni mzee aliyezidi miaka sabini. Hufungua kitu, hukiosha, hukiangalia, halafu hunyamaza. Ndiye aliyegundua kwamba feni, ambayo kiwandani iliwekewa sumaku ili ishike maji yakipata moto tu, ilikuwa imefungwa moja kwa moja na mtu fulani zamani. Akanikataza pia maji ya kisima kwenye rejeta. Mnaotumia birika la chai huku kwetu mnajua ukoko unaobaki. Na karabureta ameipima upya, kwa sababu huku juu, karibu mita 1,850, hewa ni nyepesi na gari lililopimwa pwani hunywa petroli kupita kiasi.

Kuhusu ndani nina msimamo ambao utawaudhi washonaji: safisha kabla ya kung'oa. Nilikaribia kutupa viti vyote. Tulipovua kava tatu zilizoshonwa moja juu ya nyingine tukakuta ngozi bandia ya asili, imepasuka kwenye mishono tu, rangi ikiwa hai pale ambapo jua halikufika. Tumeishona kwa uzi mpya. Kiti cha nyuma kimeshindikana, hao kuku walifanya kazi yao. Kwenye mikanda sibishani na mtu: hata kama haikuwepo, ya kisasa itafungwa safu zote. Mimi nina watoto.

Mzee wangu wa paa, nakuja kwako. Paa lina daftari lake na mhasibu wake, na hakuna shilingi iliyovuka. Mwezi kwa mwezi natenga kiasi ambacho mke wangu anakijua, na kikiisha gari linalala. Katika 2 Wafalme 12, siku za Yoashi, waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu. Mimi risiti nadai. Sitakudanganya kwamba hii ni huduma. Ni hamu yangu, na ni baba yangu. Lakini vijana wawili wa kanisa wasio na kazi hukaa na yule mzee kila Jumamosi, na juzi mmoja wao alipima silivu mwenyewe na kumwambia mzee kwamba ya tatu imezama kidogo. Mzee akapima tena. Ilikuwa imezama.

Jumamosi hii tunafunga hedi. Bado natafuta kiti cha safu ya tatu, hata kilichotoboka, mradi fremu yake isiwe imekatwa. Mwenye 404 imelala shambani, kuanzia Molo hadi Gilgil, anione baada ya ibada. Na tafadhali, msiiuze kwa kilo kabla hatujaongea.